Damu Iliyodhaniwa Kuvuja: Historia ya Ishara za Purpura Fulminansi

Miongoni mwa maradhi yanayojitokeza kwenye ngozi, ni machache yanayokwenda kwa kasi ya purpura fulminansi, ugonjwa adimu ambao damu huganda ovyo ndani ya vishipa vidogo vilivyo chini ya ngozi, sehemu iliyokuwa ikilishwa na vishipa hivyo ikakosa hewa na chakula hata ikafa, na mgonjwa, ambaye mara nyingi ni mtoto, akaweza kupoteza vidole, mguu au uhai wenyewe kabla ya siku mbili kupita. Jina hilo ni la Kilatini: purpura ni istilahi ya jumla ya madoa ya rangi ya zambarau yatokanayo na damu iliyovilia chini ya ngozi, na fulminansi ni sifa ya kitu kinachopiga ghafla mithili ya radi. Historia ya ugonjwa huu ni historia ya ishara moja iliyosomwa kinyume kwa takriban miaka 70. Madaktari waliona damu imetoka nje ya mishipa, wakahitimisha kwamba ugonjwa ni wa kutokwa na damu, na hawakujua kwamba kutoka huko kwa damu kulikuwa tukio la mwisho katika mfululizo ulioanza kwa damu kuganda.

Kosa hilo halikutokana na uzembe, kwa kuwa namna yenyewe ya kuyapanga maradhi ya ngozi ililielekeza jicho huko. Mwaka 1735 tabibu Paul Gottlieb Werlhof wa Hanover, Ujerumani, alieleza ugonjwa wa madoa yanayoambatana na kutokwa damu ambao kwa muda mrefu ulijulikana kwa jina lake, na mwaka 1808 daktari Mwingereza Robert Willan, katika kitabu chake kikubwa juu ya maradhi ya ngozi, aliigawa purpura katika aina kadhaa kwa kufuata umbo na wingi wa madoa pamoja na dalili zilizoandamana nayo. Msingi wa mgawanyo wa namna hiyo, ambao wauguzi wanautumia hata leo, ni kwamba wekundu unaotokana na mishipa iliyotanuka hufifia ngozi inapobonyezwa, kwa sababu damu husukumwa ikarudi ndani ya mishipa, ilhali doa la damu iliyokwisha kuvilia halifutiki kwa kubonyezwa, maana damu hiyo haina tena mshipa wa kurudia. Kutokana na kanuni hii sahihi kabisa ilizaliwa dhana ambayo haikuwa sahihi, yaani kwamba kila doa lisilofifia ni alama ya damu iliyokosa nguvu ya kuganda.

Wakati huohuo madoa ya namna hiyo yalikuwa yakionekana katika mazingira mengine. Mwaka 1805 Gaspard Vieusseux alieleza mlipuko wa homa kali ya ubongo mjini Geneva, na mwaka uliofuata madaktari Danielson na Mann wakaeleza mlipuko uliofanana nao huko Medfield, Massachusetts. Katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani ugonjwa huo ulifahamika kama homa ya madoa, na Elisha North, tabibu wa Connecticut, aliuandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1811. Homa hiyo ndiyo inayoitwa leo kwa Kiswahili homa ya uti wa mgongo, ile inayosababishwa na bakteria aina ya meningokoki, na madoa yale yalikuwa ishara kwamba bakteria hao wamekwisha kuingia katika damu. Hata hivyo, walioandika juu ya homa na walioandika juu ya ngozi walikuwa makundi mawili yaliyosomana kwa nadra, na ilipita karne nzima kabla ya maandishi yao kukutanishwa.

Ugonjwa wenyewe ulipata jina Ufaransa na Ujerumani karibu wakati mmoja. Mwaka 1884 daktari Mfaransa Guelliot wa mji wa Reims alichapisha taarifa fupi ya mgonjwa mmoja, na mwaka 1887 Eduard Heinrich Henoch, aliyeongoza kliniki ya watoto ya hospitali ya Charité mjini Berlin tangu 1872, alichapisha makala ambayo ndiyo iliyolisambaza jina la purpura fulminansi duniani. Henoch hakuwa mgeni katika uwanja huu. Alikuwa mwanafunzi wa Johann Lukas Schönlein, na majina ya mwalimu na mwanafunzi yameunganishwa hadi leo katika ugonjwa mwingine wa madoa, ulio wa kawaida zaidi na wenye maumivu ya viungo na tumbo, ambao si mada ya insha hii ingawa wanafunzi wa udaktari huuchanganya na huu kila mwaka.

Maelezo ya Henoch yanastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndani yake mlikuwa na ufunguo ambao yeye mwenyewe hakuutumia. Alieleza watoto ambao viungo vyao vilivilia damu kwa kasi ya kutisha, mkono au mguu mzima ukageuka rangi ya buluu na kisha nyekundu iliyoiva hadi nyeusi kwa saa chache tu, malengelenge yenye majimaji ya damu yakajitokeza juu ya ngozi iliyokakamaa, na kifo kikafuata pengine ndani ya siku moja, au siku nne kwa waliokawia. Akaongeza jambo moja ambalo lilimshangaza: watoto hao hawakutokwa na damu puani, kwenye fizi wala matumboni. Mtu ambaye damu yake imekosa nguvu ya kuganda hutokwa na damu kila palipo laini, na fizi huwa miongoni mwa za kwanza. Mtoto anayevilia mguu mzima huku fizi zake zikiwa kavu ni kitendawili, na Henoch alikiandika kitendawili hicho kwa uaminifu bila kukitegua. Elimu ya wakati wake haikuwa na chombo cha kukitegulia.

Vitabu vya leo, vikiwa na faida ya kujua kinachotendeka chini ya ngozi, huzipanga ishara zilezile kwa utaratibu wa wakati. Mwanzo ni doa jekundu au la zambarau, bapa, lenye maumivu makali kuliko ukubwa wake unavyodokeza, na mtoto asiyejua kusema hulia anapoguswa hapo. Katika muda wa saa chache doa hilo hutanuka na kupata kingo zisizo laini, zenye matawi mfano wa wavu, kwa kuwa linafuata ramani ya vishipa vilivyoziba. Katikati yake hugeuka kuwa buluu iliyokolea na kisha nyeusi, pembezoni hubaki ukanda mwembamba wa wekundu, na ngozi ya katikati hukakamaa ikawa ngumu mkononi mwa anayeipapasa. Baadaye hutokea malengelenge yaliyojaa damu, na baada ya hapo gamba jeusi la ngozi iliyokufa, ambalo kwa mgonjwa aliyesalimika huchukua wiki nyingi kujitenga na nyama iliyo hai, na pengine halijitengi mpaka daktari wa upasuaji aingie kati. Doa la saa za mwanzo laweza kurudi nyuma likitibiwa, lakini lililokwisha kuwa jeusi halirudi. Palipokufa ngozi peke yake hupandikizwa ngozi nyingine, na palipokufa nyama na mfupa hukatwa kiungo. Watoto waliopona hubaki na athari nyingine inayojulikana miaka baadaye, yaani mifupa ya miguu kukua kwa urefu usiolingana, kwa sababu vishipa vilivyolisha ncha za mifupa inayokua navyo viliziba.

Zaidi ya ngozi, mgonjwa huwa na homa kali au, kinyume chake, mwili uliopoa, mapigo ya moyo ya haraka, shinikizo la damu lililoshuka na fahamu zinazopotea. Maabara huonyesha chembe sahani, yaani vile vipande vidogo vya damu vinavyoanzisha donge, zikiwa zimepungua mno, na fibrini ghafi, ambayo ndiyo malighafi ya nyuzi za donge, ikiwa karibu kwisha. Hapo ndipo ugonjwa unapoonyesha sura zake mbili, kwa maana damu iliyoganda kila mahali huwa imetumia akiba yote ya kugandia, na mgonjwa yuleyule ambaye vidole vyake vinakufa kwa mabonge huweza kutokwa damu bila kukoma kwenye tundu la sindano.

Ule mwaka wa 1887 ulikuwa na bahati ya pekee, kwa kuwa ndio mwaka ambao Anton Weichselbaum, akifanya kazi Vienna, aliwatambua bakteria wa meningokoki katika majimaji ya uti wa mgongo ya wagonjwa waliofariki. Taarifa zote mbili zilitoka kwa Kijerumani, katika miji miwili iliyounganishwa kwa reli, lakini uhusiano wao haukuonekana mara moja. Rupert Waterhouse wa Uingereza mwaka 1911 na Carl Friderichsen wa Denmark mwaka 1918 walieleza watoto waliokufa ghafla wakiwa na madoa ya damu mwilini na ambao uchunguzi wa maiti ulionyesha tezi za adrenali, zile zilizo juu ya figo, zimejaa damu. Nao pia waliona damu iliyovuja, wakaiita hali hiyo kwa majina ya kuvuja, na kwa miongo kadhaa madaktari waliamini kwamba mtoto huyo anauawa na tezi zilizoharibika.

Ushahidi wa kwanza uliolipinga wazo la kuvuja ulitoka kwa sungura. Mwaka 1924 Mwitalia Giuseppe Sanarelli alieleza kwamba sungura aliyedungwa kwenye mshipa dozi ndogo ya vimelea vya kipindupindu, ambayo peke yake haikumdhuru, akidungwa bakteria wengine baada ya siku moja hufa kwa haraka huku viungo vyake vya ndani vikiwa vimevilia damu. Miaka minne baadaye Gregory Shwartzman, katika hospitali ya Mount Sinai mjini New York, alifanya jambo linalofanana na hilo kwa namna iliyoweza kuonekana kwa macho. Alidunga majimaji yaliyochujwa kutoka kwa bakteria wa homa ya matumbo kwenye ngozi ya tumbo la sungura, akangoja saa 24, kisha akadunga majimaji hayohayo kwenye mshipa wa damu, na kwa saa chache ile sehemu ya ngozi iliyotayarishwa jana yake ikageuka nyeusi na kufa, wakati ngozi iliyoizunguka ilibaki salama. Bakteria wenyewe hawakuwamo, maana walikuwa wamechujwa. Kilichoifisha ngozi kilikuwa ni jibu la mwili wa mnyama kwa sumu yao.

Jibu hilo ni la namna gani? Mwaka 1953 Robert Good na Lewis Thomas, waliokuwa wakifanya kazi Minnesota, walionyesha kwamba sungura akipewa heparini, dawa inayozuia damu kuganda, yale madhara ya Shwartzman hayatokei. Hoja iliyomo katika jaribio hilo ni ya wazi kiasi cha kustaajabisha, kwa kuwa kama ngozi ingekuwa inakufa kwa sababu damu inavuja, dawa ya kuizuia damu isigande ingelizidisha jambo hilo maradufu. Kwamba dawa hiyo iliiokoa ngozi kulimaanisha kwamba donge ndilo lililotangulia, kishipa kikaziba, ukuta wake ukafa kwa kukosa hewa, na ndipo damu ikapenya kwenye ukuta uliokufa na kuvilia. Thomas, ambaye baadaye alisifika Marekani kama mwandishi wa insha kuliko kama mtafiti wa sungura, aliendelea kushikilia kwamba katika maradhi mengi ya kuambukiza mwili hujiumiza kwa silaha zake wenyewe, na purpura ilimpa mfano mzuri.

Kutoka kwa sungura hadi kwa mtoto ilikuwa hatua iliyohitaji ujasiri. Kumpa dawa ya kuzuia damu isigande mgonjwa aliyevilia damu mwili mzima kulikuwa kinyume na kila alichofundishwa daktari, lakini mwaka 1959 ilichapishwa Marekani taarifa ya mgonjwa wa purpura fulminansi aliyetibiwa hivyo akapona. Mwaka 1965 Donald McKay alitoa kitabu kilichoipa hali hiyo nafasi yake katika elimu ya tiba kwa jina linaloweza kuelezwa kwa Kiswahili kuwa ni kuganda kwa damu kulikosambaa ndani ya mishipa, na tangu hapo tezi za Waterhouse, sungura wa Sanarelli na watoto wa Henoch wakawekwa katika sura moja. Heparini haikuthibitika kuwa dawa ya kutegemewa kwa kila mgonjwa, na mjadala juu yake haujafungwa, ila fikra ilikuwa imekwisha kugeuka.

Lilibaki swali gumu zaidi, nalo ni kwa nini mwili wa mtu mzima mwenye afya hauigandishi damu yake yote kila anapojikata kidole. Jibu lilikuja kwa njia ya ng'ombe, na ilikuwa njia ndefu. Katika miaka ya 1920 wafugaji wa Kanada na wa jimbo la North Dakota walipoteza mifugo iliyotokwa na damu hadi kufa baada ya kukatwa pembe au kuhasiwa, na madaktari wa mifugo wakagundua kwamba chanzo ni malisho ya klova tamu yaliyohifadhiwa vibaya yakaota kuvu. Mwanakemia Karl Paul Link na wenzake huko Wisconsin waliitenga sumu iliyomo, wakatengeneza kutokana nayo kemikali za aina hiyohiyo, na mojawapo, warfarini, iliuzwa kama sumu ya panya kuanzia mwaka 1948 kabla ya kuruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954 kama dawa ya kuzuia mabonge ya damu. Kazi yake ni kuinyima vitamini K nafasi ya kulisaidia ini kutengeneza baadhi ya protini za kugandisha damu.

Katika mwaka huohuo wa 1954 daktari wa Uholanzi aliyeitwa Verhagen aliihusisha jamii hii ya dawa na ajali ya ajabu: mgonjwa mmoja mmoja, siku chache baada ya kuanza dozi, alipatwa na maumivu kwenye titi, paja au kitako, mahali penye mafuta mengi, kisha pakatokea doa jekundu lililogeuka jeusi na ngozi ikafa. Dawa ya kuzuia kuganda ilikuwa imesababisha kuganda, na ngozi ilionyesha zile ishara za Henoch karibu moja baada ya nyingine, bila bakteria na bila homa. Kwa zaidi ya miaka 20 hakuna aliyeweza kueleza kwa nini.

Ufafanuzi ulianzia tena kwenye damu ya ng'ombe. Mwaka 1976 Johan Stenflo, mtafiti wa Malmö nchini Sweden, alikuwa akizitenganisha protini za damu ya ng'ombe zinazotegemea vitamini K kwa kuzipitisha kwenye mrija wenye kemikali, na kundi la tatu kutoka, aliloliwekea alama ya herufi C, lilikuwa na protini ambayo kazi yake haikujulikana. Aliiita protini C na jina limebaki hilo. Haikuchukua muda kubainika kwamba protini hii haigandishi damu bali ndiyo breki ya mgando. Thrombini, kimeng'enya kinachozalisha nyuzi za donge, ikigusana na kipokezi maalumu kilicho kwenye utando wa ndani wa mshipa wenye afya, huacha kazi yake ya kugandisha na badala yake huiamsha protini C, nayo, ikisaidiwa na mwenzake aitwaye protini S, huzikata vipande zile protini zinazoendeleza mgando. Donge hubaki palipo na jeraha tu kwa sababu kila penye utando mzima mgando hujizima wenyewe. Fumbo la warfarini nalo likafumbuka, kwa kuwa protini C hutegemea vitamini K sawa na wapinzani wake, lakini yenyewe hupungua kwa nusu kwa saa zipatazo 8, ilhali baadhi ya protini za kugandisha huchukua siku mbili na zaidi. Katika siku za mwanzo za dawa, basi, breki huisha kabla ya mwendo kupungua. Ndiyo maana siku hizi mgonjwa mwenye bonge huanzishiwa heparini pamoja na warfarini, na dozi kubwa ya kuanzia imeachwa.

Mwaka 1981 John Griffin na wenzake wa California walieleza familia ambayo watu wake walipata mabonge ya damu mara kwa mara na ambao kiwango chao cha protini C kilikuwa chini ya nusu ya kawaida. Kama nusu moja inaleta mabonge ukubwani, ilikuwa lazima kuuliza nini humpata mtoto aliyerithi upungufu kutoka kwa wazazi wote wawili, na jibu lilitoka kati ya 1983 na 1984 katika taarifa za watoto wachanga ambao, saa au siku chache baada ya kuzaliwa, walitokwa na madoa meusi kwenye matako, mapaja, kichwani na mahali palipochomwa sindano. Hii ndiyo purpura fulminansi ya kurithi, inayokadiriwa kumpata mtoto mmoja katika kila vizazi hai laki tano hadi milioni moja. Ishara yake ya pili iko machoni, na wakunga na madaktari wa watoto wanapaswa kuijua: mboni huonekana nyeupe badala ya nyeusi, kwa sababu damu ilikwisha kuganda na kuvilia ndani ya jicho mtoto angali tumboni mwa mama, na wengine huzaliwa wakiwa vipofu na wenye mabonge kwenye ubongo. Wazazi wenyewe mara nyingi ni wazima, hawana habari kwamba wamebeba chochote, na hupatikana zaidi katika ndoa za ndugu wa damu.

Kwa watoto hawa historia ilikwenda kasi. Utegili, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, ulitolewa mara mbili kwa siku au zaidi ili kuwapa protini wasiyokuwa nayo, mwaka 1988 ikaripotiwa kwamba mtoto aliyepandikizwa ini lingine alipona kabisa, kwa kuwa ini ndilo linaloitengeneza, na mwaka 1991 jarida moja la Marekani lilichapisha matumizi ya protini C iliyosafishwa kutoka katika damu ya wachangiaji. Dawa hiyo iliidhinishwa Ulaya mwaka 2001 na Marekani mwaka 2007. Hata aina ya tatu, ambayo humjia mtoto wiki moja au zaidi baada ya tetekuwanga au homa nyingine ya vipele wakati nyumba nzima imekwisha kushukuru kwamba amepona, ilipata ufafanuzi katika miaka ya 1990, pale ilipogunduliwa kwamba kingamwili ambazo mtoto amezitengeneza wakati wa ugonjwa wa kwanza huenda zikaishambulia protini S yake mwenyewe. Yaelekea baadhi ya wagonjwa wa Henoch walikuwa wa aina hii.

Aina ya maambukizi, ambayo ndiyo iletayo wagonjwa wengi kuliko zote, haikutii kwa wepesi huo. Mwaka 2001 watafiti wa London walichukua vipande vidogo vya ngozi ya watoto wenye meningokoki na kuonyesha kwamba vile vipokezi vya kwenye utando wa mishipa, vinavyohitajika ili kuiamsha protini C, vilikuwa vimepungua, maana yake ni kwamba hata mtoto mwenye protini ya kutosha hawezi kuitumia. Mwaka huohuo iliidhinishwa Marekani protini C iliyokwisha kuamshwa kiwandani, kwa matumaini makubwa na kwa bei kubwa, ili itibu wagonjwa wazima wenye maambukizi makali ya damu, lakini utafiti uliofuata haukuonyesha kwamba inaokoa maisha, na mwaka 2011 iliondolewa sokoni. Kwa mtoto mwenye meningokoki dawa iliyobaki kuwa ya kwanza ni antibaotiki iliyotolewa mapema, pamoja na maji ya mshipani na uangalizi wa karibu.

Afrika Mashariki imo katika historia hii kwa mlango wa homa ya uti wa mgongo. Mlipuko uliotokea Makka wakati wa hija ya 1987 ulisafiri na mahujaji waliorudi makwao, na aina hiyohiyo ya meningokoki ilihusika katika mlipuko mkubwa wa Nairobi mwaka 1989. Saudi Arabia iliweka sharti la chanjo kwa mahujaji, na baada ya milipuko ya 2000 na 2001, iliyoletwa na kundi jingine la bakteria hao, sharti likawa ni chanjo ya makundi manne. Cheti ambacho hujaji wa Mombasa, Unguja au Kigoma hukionyesha kabla ya kupata viza kina asili yake katika matukio hayo. Eneo hili lina kundi lingine lililo hatarini, nalo ni la wenye selimundu, ambao wengu wao, kiungo kinachochuja bakteria kutoka katika damu, huharibika tangu utotoni, na kwa sababu hiyo bakteria kama pneumokoki huweza kuwafikisha katika hali hii kwa kasi. Penisilini ya kila siku na chanjo wanazopewa watoto hao kliniki zina kazi hiyo pia.

Kuna upungufu mmoja ambao historia hii imeuacha bila kuurekebisha. Ishara zote zilizoelezwa na Willan, Guelliot na Henoch zilisomwa kwenye ngozi nyeupe, na maneno ya vitabu, wekundu, zambarau, buluu, yamerithiwa na vyuo vya uuguzi ambavyo wagonjwa wake wana ngozi nyeusi, ambayo juu yake doa la saa za mwanzo huonekana kama giza dogo tu au halionekani kabisa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo madoa hutafutwa kwenye viganja, nyayo, kaakaa la kinywa na upande wa ndani wa kope, na penye shaka vidole vya mpimaji huona zaidi ya macho yake, kwa kuwa ugumu wa ngozi na maumivu havitegemei rangi. Bilauri safi ya kioo ikikandamizwa juu ya doa, na doa likabaki vilevile likionekana kupitia kioo, mtoto mwenye homa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na asiye na doa lakini akiwa amelegea, amepoa miguu na anapumua kwa haraka apelekwe vilevile, kwa maana katika maambukizi haya madoa mara nyingine hutokea yakiwa yamechelewa.